Toni wa Mwalimu Raimundi

Mimi ni fundi viatu, na meza yangu imegusana na ukuta wa kibanda umiza kimoja, banda la kuonyeshea sinema, hapa Viwanja Sitini, Ifakara. Ukuta wenyewe ni mabati matupu. Kwa hiyo kwa miaka tisa nimesikia kila sinema iliyoonyeshwa humo ndani bila kuiona. Nasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza nimeyajuaje. Mengine niliyasikia, mengine niliambiwa na Raimundi mwenyewe, na yale ya mwisho nilikuwepo, nimesimama kwa miguu yangu, na sikufanya kitu.

Raimundi ndiye aliyekuwa mtafsiri wa kibanda. Kazi yake ilikuwa kukaa pembeni ya TV, maiki mkononi, sauti ya wazungu imepunguzwa, na yeye kuwasemea wote: mzee, mtoto, polisi, jambazi, mwanamke aliyeachwa. Kazaliwa upande wa Mahenge, Mpogoro na Mkatoliki wa kurithi kwa babu. Walimpeleka seminari ndogo wakitegemea padri, na baada ya kidato cha nne padri mkuu akamwambia kwa upole kwamba hakuitwa. Kiingereza alichotoka nacho huko ndicho kilichobaki mkononi. Alifundisha shule moja ya msingi hapa mjini miaka minne, shule ikapata mtu mwenye cheti, yeye akabaki na jina la Mwalimu tu.

Ni mtu mrefu, mabega yameinama mbele, na ana huruma inayotangulia akili. Nasema hivyo kwa hasira kwa sababu bado nina hasira.

Sizoni, yaani sinema ya mfululizo, iliyotuletea haya yote ilikuwa ya yule jamaa anayeruka. Kwao ana jina refu. Humu ndani vijana walimwita Mwamba, na likabaki hilo. Mwamba anapita juu ya maghorofa, anasimamisha treni kwa kifua, risasi zikimgonga zinaanguka chini. Sasa sikiliza kilichokuwa kikinichekesha. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa Ifakara aliyebisha kwamba binadamu anaweza kuruka. Hilo walilimeza bila maji. Walichokataa ni tabia.

"Yaani anafika ukweni, anaingia moja kwa moja jikoni, anafungua friji, hajasalimia mtu? Haiingii akilini."

"Ana nguvu za kunyanyua basi, halafu mama yake anakaa nyumba ya kupanga?"

"Amefunika macho tu, ndiyo mtaa mzima usimjue? Mimi mtu akiwa Mlabani kule namjua kwa mwendo wake."

Mbishi kuliko wote alikuwa Obed, fundi pikipiki. Siku Mwamba aliponyanyua basi kwa kushika bampa, Obed alisimama kabisa. "Muongo huyo. Bampa lingebaki mkononi, basi lingebaki chini. Aliyeandika hii hajawahi kufungua hata nati." Ubishi ukachukua robo saa, sinema ikasimamishwa, na wengine wakatoka nje kuja kumtafuta dereva wa basi aamue.

Raimundi ndiye aliyekuwa akiyatengeneza hayo. Mwamba alipoingia jikoni bila kusalimia, amegeuza mgongo, Raimundi alimsemea, "Shikamoo mama, samahani nina njaa." Mwamba asipokwenda kumzika shangazi yake, Raimundi alimpigisha simu, akatoa pole, akaahidi kufika siku ya tatu. Watu walitulia. Walisema sasa imeeleweka, sasa huyu ni mtu. Nadhani ugonjwa ulianzia hapo, alipoona kwamba neno lake moja linatosha kumrekebisha mtu.

Nilimwambia siku moja, "Mwalimu, hayo maneno hayamo humo."

"Hayamo," akanijibu. "Yangekuwemo kama walioandika wangekuwa na mama."

Mama Natalia alikuwa mkulima wa mpunga kule Mchombe, mjane, na Silvano alikuwa mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na sita. Mwezi wa nne, mpunga ukiwa umeanza kubeba, Silvano alikuwa akilala shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti anachokaa mlinzi kuwafukuza ndege. Maji yalikuja alfajiri yakaondoka na dungu. Walimtafuta wiki tano, kwa mitumbwi na kwa miguu, hadi kule maji yanakopanuka na kuwa ziwa. Habari za mamba hazikusemwa mbele ya mama yake, nami sitazisema.

Kwao mtu asipopatikana mwili anazikwa hivyo hivyo. Unakatwa mgomba wa urefu wake, unavishwa nguo zake, unafungwa sanda, unasaliwa, unafukiwa. Baada ya hapo ndugu wananyoa nywele, matanga yanaanuliwa, watu wanarudi mashambani. Bila hivyo msiba unabaki umekaa uani na wenye msiba wanabaki wamekaa nao. Mzee Amedeus, mdogo wa marehemu mume wake, aliukata huo mgomba mara tatu. Mara tatu Natalia alisimama mlangoni akawarudisha nao.

"Mimi sikuzaa mgomba," aliwaambia.

Mwishowe aliwakimbia mashemeji zake, akaja kukaa kwa dada yake Mlabani. Hakulima, hakufuma mkeka, hakwenda jumuiya kusali na wenzake. Mwezi wa sita alikuja kwenye meza yangu na viatu vya Silvano vya kwendea kanisani, vimeachia soli. "Vishone vizuri, fundi. Asije akarudi akavikuta hivi." Nikavishona. Mtu akikuambia hivyo unamjibu nini?

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Alikaa kwenye kigoda changu akisubiri, na nyuma ya bati daraja la kwenye sinema likakatika. Toni, mdogo wake Mwamba, akaanguka mtoni na gari lake. Mwamba akafika akiwa amechelewa. Sauti ya Raimundi ilikuwa ikisema, "Maji, maji, maji yamemchukua." Natalia akasimama. Nilimwita, hakugeuka. Akaenda mlangoni akafunua pazia.

Raimundi aliniambia baadaye kwamba mwanga uliingia, akainua macho, akamwona. Alimjua, mji wote ulimjua. Kwenye TV mama yake Toni alikuwa amevaa nyeusi kando ya jeneza, analia, na Mwamba amemshika mkono akimwambia maneno ya kuagana. Raimundi alinyamaza. Mimi huku nje nikadhani umeme umekatika. Halafu akasema kwa sauti ya Mwamba, "Mama, usilie. Toni yu hai. Maji yalimtupa mbali huko chini, wavuvi wakamwokota. Akipata nguvu atarudi."

"Sasa hilo jeneza la nani?" Obed akauliza.

"La jirani yao," akasema Raimundi.

Mtu mmoja alicheka, akageuka, akamwona aliyesimama mlangoni, akaacha kucheka. Hakuna aliyebisha tena siku ile. Natalia alirudi kwangu akachukua viatu, akaniuliza inayofuata inaonyeshwa lini.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Walimwachia benchi la mbele, karibu na maiki. Na uongo ule ukawa unahitaji kulishwa, maana Toni hakuonekana tena hata mara moja. Huko kwao walikuwa wameshamzika na kumsahau. Basi mama wa kwenye sinema akiongea na simu, Raimundi alisema anaongea na Toni. Akisoma barua ya benki, ilikuwa barua ya Toni. Akicheka peke yake dirishani, alikuwa amekumbuka alichoandikiwa na Toni. Watazamaji walijua. Wote walijua. Walikaa kimya kwa heshima ya yule mama, na heshima yenyewe ilikuwa na mipaka.

"Kama ana simu, apige ya video basi tumwone," Obed alinong'ona siku moja, na mnong'ono wa Obed unafika barabarani.

"Huko aliko mtandao hushika juu ya mti tu," Raimundi akajibu. Hilo likapita, kwa sababu kila mmoja wetu ana ndugu anayekaa mahali kama hapo.

Swali gumu alilileta Natalia mwenyewe. Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia: "Mwalimu, kaka yake si anaruka? Kwa nini asiende kumchukua?"

Kibanda kizima kiligeuka kumtazama Raimundi. Lilikuwa swali la haki, na hata mimi niliacha nyundo. Akasema hilo litajulikana Jumamosi ijayo. Wiki nzima alizunguka na swali hilo. Alikuja mezani kwangu akakaa, akatoka, akarudi. Jumamosi akamfanya Mwamba amwambie mama yake, "Nilikwenda, mama. Toni amekataa kubebwa. Anataka arudi kwa miguu yake."

Natalia alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Silvano naye ndivyo alivyo," akasema.

Nikisema kweli, alipata nafuu ya namna yake. Alianza kula. Alianza kunisalimia kabla sijamsalimia. Lakini matanga hayakuanuliwa, na shamba la Mchombe likaota nyasi za kufika kifuani. Digna, mke wa Raimundi, alimwambia mumewe mbele yangu, "Unamlisha nini yule mama? Siku chakula kikiisha?" Raimundi akasema atafikiria.

Miezi mitano ilipita hivyo. Mwezi wa kumi na moja akaja Mzee Amedeus kutoka Mchombe, amevaa koti, kofia mkononi. Raimundi alikuwa kwenye kigoda changu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayemweka Silvano hai?"

Raimundi aliinuka akampisha kigoda.

"Sikuja kugombana," akasema Amedeus. "Mvua ziko njiani. Kaburi la mwanetu halipo, shamba halipo, na shemeji yangu anatuambia Toni yuko njiani na Silvano yuko njiani. Ndugu zangu wamechoka kukaa chini. Mtoto wa dada yangu anataka kuoa, hawezi kuoa juu ya msiba. Naomba umuue."

"Nani, mzee?"

"Huyo Toni. Wewe ndiye uliyemfufua. Sisi tukisema hasikii. Wewe anakusikia."

Raimundi alinitazama mimi. Alitaka nimkatalie kwa niaba yake, nadhani. Mimi nikasema, "Muue, Mwalimu. Alikwishakufa tangu mwanzo." Nililisema hilo kirahisi, nimeshika kiatu cha mtu, na sikukosea hata mshono.

Alitafuta sehemu ambayo mama wa kwenye sinema anakwenda kaburini kwa mwanawe na kusema naye. Aliiandika kwenye daftari, Kiingereza upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Na Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza tangu Natalia aingie kibandani, alitafsiri neno kwa neno. Hakuongeza shikamoo wala pole. Yule mama mzungu alisema kwamba kila asubuhi anaweka vikombe viwili mezani, halafu anarudisha kimoja. Alisema amechoka kusikiliza mlango. Ndivyo ilivyoandikwa, na safari hii kibandani hakuna aliyekuta kosa.

Natalia aliuliza kutoka kwenye benchi, "Mwalimu, ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Na zile simu?"

"Alikuwa anajidanganya."

"Mwili hawakuuona?"

"Hawakuuona."

"Sasa humo wamezika nini?"

Raimundi akamwambia nguo zake. Natalia alikaa hadi mwisho, akashukuru, akatoka. Siku ya tatu tulipata habari kwamba amerudi Mchombe na amekubali mgomba uzikwe.

Tulikwenda kuzika, mimi na Raimundi. Mgomba ulikuwa umelazwa uani juu ya mkeka, na Natalia alisimama kando yake akautazama kuanzia chini hadi juu. "Silvano ni mrefu kuliko huu," akasema. Wakaenda kukata mwingine. Akamvisha shati yeye mwenyewe, akafunga vifungo vyote, hata cha shingoni. Katekista akaongoza sala. Udongo ulipoanza kuanguka ndipo alipolia, kilio ambacho alikuwa ameshikilia tangu mwezi wa nne, na wanawake wakamshika. Nami nililia, na kwa hilo sioni aibu.

Njiani kurudi Raimundi alisema, "Nimemuua mtoto wa watu." Nikamwambia aliuawa na maji. Akasema, "Ndiyo, lakini mama yake amesikia kwangu."

Ningependa kuishia hapo. Natalia alinyoa, akavua nguo za msiba, akalima. Mwaka ule mvua zilikuja kwa adabu na mpunga wake ukasimama vizuri kuliko wa shemeji yake. Mwezi wa sita, mavuno yameanza, alikuja mjini na vikapu viwili vya mchele mpya, kimoja cha Raimundi, kimoja changu. Alikuwa amenenepa kidogo. Alitutania kwamba sasa tule tuache kusema sana. Ilikuwa Jumamosi, na akasema kwa kuwa yuko hapa, ataingia kidogo awasalimie wale vijana waliokuwa wakimpisha benchi.

Siku hiyo kulikuwa na sizoni mpya ya Mwamba. Desturi ya Raimundi ilikuwa kuitazama peke yake asubuhi, apate maneno. Lakini umeme ulikuwa umekatika siku tatu, ukarudi saa tisa na nusu, na saa kumi kibanda kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Akachomeka flashi na kuanza bila kujua kilichomo. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na hakika, kama sisi wote, kwamba steringi, yule mkuu wa sinema, hafi, na kwamba asiye steringi akishazikwa amezikwa.

Mwanzoni palitokea maandishi meupe, akayaruka. Kisha mama yake Mwamba yuko jikoni anaosha vyombo. Mlango unagongwa. Anafungua, sahani mkononi, na aliyesimama pale ana ndevu ndefu na nguo zilizochanika, lakini sura ni ya Toni. Sahani ikaanguka.

Mimi nje nilisikia kelele ambayo sijawahi kuisikia. Walipiga mluzi, walipiga mabenchi. "Haiwezekani! Huyu si tulimzika?" "Waandishi wameishiwa hawa." Obed alikuwa anacheka kwa hasira: "Miaka yote hiyo alikuwa wapi, hotelini? Haiingii akilini hata kidogo. Wamemrudisha ili tuendelee kutazama tu." Alikuwa anasema kweli tupu. Ndivyo wanavyofanya wale watu, wakikosa la kusema wanafufua. Halafu nikasikia kelele zinakatika, safu moja baada ya nyingine, kuanzia mbele kurudi nyuma. Nikaacha kazi nikaenda mlangoni.

Natalia alikuwa amesimama mbele ya TV. Maiki ya Raimundi ilikuwa wazi, na spika zilikuwa zikitoa pumzi zake tu. Hatimaye akasema, "Huyu... huyu ni mtu mwingine. Anafanana naye."

Kwenye TV yule mama alikuwa amemshika kijana uso kwa mikono miwili, povu la sabuni bado liko vidoleni.

"Usinidanganye, Mwalimu," akasema Natalia. "Mama yake amemjua."

Akatupita mlangoni. Hakuwa analia, wala hakuwa na haraka. Alielekea kwenye magari ya Mlimba, yale yanayopita Mchombe.

Asubuhi yake Amedeus alipiga simu. Tulifika Mchombe jua likiwa limepanda. Natalia alikuwa amelifukua kaburi kwa jembe lake la palizi, peke yake, watu wamesimama mbali kwa kuogopa. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo, miguu ndani. Mgomba ulikuwa umeoza na kuwa majimaji, inzi wamejaa. Shati alikuwa amelitoa, amelikunja, ameliweka mapajani na uchafu wake.

Raimundi alipiga magoti kwenye ule udongo. "Mama, nisikilize. Ile ni sinema. Ni watu wamelipwa wanaigiza. Kuna mtu ameketi mahali akaandika Toni afe, halafu akaona watu wanapungua, akaandika arudi. Hakuna Toni. Hajawahi kuwepo. Ni uongo."

"Uongo upi?" akauliza Natalia. "Ule wa kwanza uliposema yu hai, ule wa pili uliposema amekufa, au huu wa jana?"

Raimundi alinyosha mkono achukue lile shati, Natalia akalivuta kwake.

"Wa pili ndio ulionifanya nizike," akasema. "Na wewe ukanisaidia kufukia."

Amedeus alimwomba atoke shimoni, akamwita "shemeji", akamwita "dada yangu". Natalia hakutoka. Alikuwa akimtazama Raimundi, na niliona kwamba hana chuki naye hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Pale mwanzo kulikuwa na maandishi," akasema. "Kabla hajaosha vyombo. Yaliandikwaje?"

Niliyajua maandishi hayo, maana Obed alikuwa ameyasoma kwa sauti, kwa Kiingereza chake. Na Raimundi aliyajua. Angeweza kusema lolote. Mtu aliyetia jirani kwenye jeneza, aliyepandisha mtandao juu ya mti, alishindwa na nini kusema miaka ishirini? Miaka ishirini mama yule angeimaliza akilima na kula, angekufa akisubiri, na wala asingejua.

"Yaliandikwa, miaka miwili baadaye," akasema Raimundi.

Natalia akahesabu kwa vidole, kuanzia mwezi wa nne ule maji yalipomchukua Silvano. Alihesabu mara moja, akahakikisha mara ya pili.

"Basi bado," akasema. Akainuka, akakung'uta kanga, akachukua shati akaenda kulifua.

Tulilifukia lile shimo sisi, bila sala, kwa sababu katekista alisema hajui sala yake. Njiani nilimtukana Raimundi kutoka Mchombe hadi tunaingia mjini. Nilimwambia umedanganya miezi mitano, leo ndipo ukweli umekushika? Alisema, "Nilichoka, fundi."

Ameiacha ile kazi. Siku hizi kibandani wanaweka sinema zilizotafsiriwa huko Dar, na huyo wa Dar haongezi shikamoo, na Obed anabisha mpaka anaishiwa nguvu. Kule Mchombe Natalia alivuna vizuri. Amekataa kuuza hata gunia moja, ameyapanga kwenye chumba cha Silvano, ukuta ameusiliba upya. Hagombani na mtu. Amedeus anasema anaamka mapema, anafagia, anaimba kanisani. Ukimwuliza habari zake anasema nzuri, tunasubiri.

Sasa ni mwezi wa pili, na mto umeanza kujaa. Raimundi huja kukaa mezani kwangu kila siku, mikono kati ya magoti. Ananiuliza tukamwambie nini, mwezi wa nne ukifika na ile miaka miwili ikitimia. Nami nagonga msumari, nageuza kiatu, nagonga mwingine.